Kubana Matumizi kwa Kutolipa: Vyuo Vikuu vya Umma Vikitazamwa kutoka Kajiado

Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya waliweka chaki chini kwa siku 49, kuanzia katikati ya Septemba hadi tarehe 5 Novemba. Walichokuwa wakidai, shilingi bilioni 7.9, hakikuwa nyongeza mpya. Ni fedha zilizotokana na mkataba wa pamoja wa mwaka 2017 hadi 2021, mkataba ambao muda wake ulikuwa umekwisha zamani. Mgomo ulisitishwa kwa ahadi ya kulipa kwa awamu mbili. Magazeti yaliuita mgogoro wa mishahara. Mimi nauona kuwa zao la mtindo wa usimamizi: vyuo vyetu vimejifunza kubana matumizi kwa kutolipa. Mtindo huo haupitishwi na seneti wala haujadiliwi katika baraza la chuo, lakini ndio unaoamua somo gani lifundishwe na nani alifundishe.

Chanzo chake ni zile siku za neema. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo sambamba mwaka 1998, wanafunzi wa kujilipia karo walileta fedha ambazo Hazina Kuu haikuwa ikizitoa tangu enzi za kuchangia gharama. Vyuo vingine vikafuata, kampasi tanzu zikachipuka mijini, nyingine ghorofani juu ya maduka, na kila kampasi ikahitaji mkurugenzi, msajili, mhasibu, walinzi na madereva. Kisha udanganyifu katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ukadhibitiwa. Mwaka 2015 watahiniwa 169,492 walipata alama ya C+ na zaidi. Mwaka 2016 walikuwa 88,929, na mwaka 2017 wakabaki 70,073. Karibu wote hao sasa waliweza kupata nafasi za kufadhiliwa na serikali, hivyo soko la masomo sambamba likaporomoka katika muda usiotosha hata kumaliza shahada moja. Wanafunzi wa kulipa waliondoka. Waajiriwa na majengo ya kukodi yalibaki.

Serikali nayo ilibadili kanuni zake mara mbili. Mfumo wa kufadhili kila somo kulingana na gharama yake uliahidi kwamba umma ungelipa asilimia 80. Hadi ulipoachwa, ulikuwa ukilipa takriban nusu. Mfumo uliotangazwa Mei 2023 ukaiondoa ruzuku ya jumla na kuifanya fedha imfuate mwanafunzi, kwa ufadhili, mkopo na mchango wa familia, kwa kuzigawa familia katika makundi matano. Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, lakini Mahakama ya Rufani ikaruhusu uendelee kutumika rufaa ikisubiriwa. Tukiacha ubishi wa kisheria, athari yake ya kitaaluma iko wazi: idara isiyo na wanafunzi haina kipato, na idara isiyo na kipato hufa bila yeyote kuamua kwamba ife.

Wapo watakaosema hilo ni jambo jema. Kwa nini umma ulipie somo lisilochaguliwa? Jibu linaonekana vizuri ukiwa Kajiado.

Katika sensa ya 2019 kaunti hiyo ilikuwa na watu 1,117,840, na Kitengela pekee watu 154,436. Uchumi wake ni wa namna yake: ufugaji, magadi yanayochimbwa ziwani tangu enzi za ukoloni, mashamba ya maua ya Isinya, na viwanda vya saruji vya Athi River vilivyo mpakani. Ranchi za jumuiya zimegawanywa vipande, vipande vikageuka ploti, na nyua zikafunga njia za wanyamapori waliozoea kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenda nyanda za Kitengela. Ukame uliofikia kilele mwaka 2022 uliua mifugo kwa wingi. Mahali kama hapa panahitaji wataalamu wa nyanda za malisho, wapima ardhi, wajuzi wa maji ya visima, madaktari wa mifugo na wanasheria wa ardhi. Lakini kijana wa Kitengela anayejaza fomu za KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, haulizwi kaunti yake inahitaji nini. Huchagua kozi inayosikika kuwa na ajira, na hana kosa. Vyuo binafsi vilivyomfuata mlangoni vinalijua hilo: KCA, kilichoanza mwaka 1989 kama chuo cha uhasibu, kina kampasi Kitengela. Biashara na kompyuta hazikosi mwalimu. Malisho yatamkosa, kwa sababu usimamizi wa nyanda za malisho, unaofundishwa katika kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hauwezi kujaza ukumbi kama uhasibu. Tukiuachia mfumo wa kufuata vichwa uamue, kaunti za wafugaji zitakuwa za kwanza kupoteza wataalamu wao, na hakuna kikao kitakachowajibika.

Marekebisho ya wazi nayo yamejaribiwa. Julai 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi, chini ya Naibu Chansela Stephen Kiama, kilifuta koleji zake sita na kupunguza vitivo kutoka 35 hadi 11. Yalizua kelele na kesi, na karo za uzamili zilizopandishwa wakati huohuo zilistahili kelele hizo. Hata hivyo nayahesabu kuwa ya kiungwana zaidi kuliko yaliyotokea Chuo Kikuu cha Egerton, ambako wafanyakazi walilipwa sehemu tu ya mishahara kwa miezi. La kwanza lilikuwa uamuzi, na uamuzi hupingwa mahakamani. La pili lilikuwa ukimya.

Ukimya huo huanza na mhadhiri wa muda. Kitengela, ambako kodi ya nyumba ni nafuu kuliko Nairobi, ni mojawapo ya miji wanamoishi watu hawa: wana uzamili au uzamifu, wanafundisha vyuo viwili au vitatu, wanapanda matatu ya alfajiri kwenye Barabara ya Namanga, na hudai malipo ya mihula iliyopita. Hawahesabiwi katika mipango ya kupunguza wafanyakazi, maana hawakuajiriwa kwa kudumu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Kumwacha mhadhiri wa muda hakugharimu hata barua. Kwa waajiriwa wa kudumu mbinu ni nyingine: makato ya pensheni na ya mikopo ya sacco hukatwa kwenye mshahara yasifike yanakokwenda. Madeni ya vyuo vikuu vya umma yamezidi shilingi bilioni 60. Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walisema, lakini wasimamizi wetu wamegundua kwamba deni lenyewe linaweza kuwa bajeti.

Ninachopendekeza si kuunganisha vyuo, wazo lililovumishwa enzi za Waziri wa Elimu George Magoha na kukwama kwa sababu kila eneo lina mwanasiasa wake. Ni kuunganisha ufundishaji. Chuo Kikuu cha Multimedia, kwenye Barabara ya Magadi karibu na Ongata Rongai, kilizaliwa mwaka 1948 kama shule ya mafunzo ya posta na simu. Maasai Mara, Narok, kiko katikati ya wafugaji na wanyamapori. Nairobi kina Kabete. Hakuna sababu ya vyuo vitatu vinavyolipwa na mlipakodi mmoja kuajiri watu wa muda watatu kwa somo moja, ilhali mhadhiri mmoja wa kudumu anaweza kufundisha wanafunzi wa vyuo vyote na alama zikatambuliwa kotekote. Itasemwa kwamba kila chuo kinalinda fedha zinazomfuata mwanafunzi wake. Ni kweli, na ndiyo maana masomo machache ya lazima kwa nchi yanapaswa kutolewa katika ushindani huo na kulipiwa na Hazina moja kwa moja, darasa liwe na wanafunzi kumi au mia.

Kabla ya hapo, mabaraza ya vyuo yachapishe kila mwaka orodha ya wahadhiri wote wa muda, saa walizofundisha na kiasi wanachodai. Wizara ya Elimu na ikatae kuidhinisha bajeti yoyote isiyo na orodha hiyo.