Tarizi ya Mafundi wa Kabati

Mwaka wa 1826, katika mji mdogo wa Markneukirchen, Saxony, chama cha mafundi wa fidla kilienda kushtaki. Maseremala wa mji huo, watu wa kabati, meza na viti, walikuwa wanatengeneza magitaa na kuyauza. Chama kikasema hiyo si haki yao. Kutengeneza ala ni sanaa, inataka jicho la urembo. Hawa ni watu wa samani tu, wanajulia wapi?

Mimi niliacha chuo kikuu bila cheti, na sasa naishi kwa kuandika kazi moja baada ya nyingine. Kwa hivyo kesi ya mtu anayeulizwa "wewe umesomea wapi?" hunivuta haraka. Lakini hii imenikaa kichwani kwa sababu jibu la maseremala bado unaweza kulishika kwa mkono. Liko kwenye ukingo wa gitaa.

Angalia gitaa la mbao lililotengenezwa vizuri. Pale uso unapokutana na ubavu kuna utepe mwembamba, wa milimita chache tu, wenye mistari au nakshi, unaozunguka mwili mzima. Jina lake kwa Kiingereza lina asili ya Kifaransa cha kale, na maana yake ni kupamba pindo la nguo kwa uzi. Waswahili neno tunalo: tarizi. Basi nitauita tarizi.

Tarizi si urembo wa bure. Kwenye fidla, huzamishwa ndani ya mfereji karibu na ukingo, kwa kawaida vipande vitatu, cheusi, cheupe, cheusi, na husaidia ufa ulioanzia ukingoni usitambae hadi katikati. Kwenye gitaa, fundi huchonga ngazi ndogo pembeni kisha akapachika tarizi pamoja na ukanda wa nje. Hapo huwa amefunika ncha za nyuzi za mbao ya uso, ambazo ndizo hunyonya unyevu haraka kuliko sehemu nyingine.

Sasa jiulize: ni nani aliyekuwa na mazoea ya kukata mbao nyembamba kama karatasi, kupanga nyeusi na nyeupe, na kuzipachika bila kuacha mwanya? Ni fundi wa kabati. Kupamba meza na masanduku kwa vipande vya mbao za rangi tofauti ilikuwa kazi ya watu wa samani Ulaya kabla ya magitaa haya kuwepo. Yaani lile jicho la urembo ambalo walidaiwa kulikosa ndilo walilokuja nalo.

Kuna kejeli nyingine. Chama hicho cha fidla kilianzishwa mwaka wa 1677 na mafundi 12, Waprotestanti waliokimbia Bohemia kwa ajili ya dini yao. Walifika kama wageni, wakapokelewa, wakapata riziki. Karne moja na nusu baadaye, warithi wao ndio walioshika kitasa cha mlango.

Maseremala hatimaye walishinda. Lakini mmoja wao alikuwa ameshachoka na mambo ya vyama. Christian Frederick Martin, aliyezaliwa 1796, mtoto wa seremala wa samani, alikuwa amejifunza kazi kwa Johann Stauffer, fundi mashuhuri wa magitaa huko Vienna. Mwaka wa 1833 alipanda meli kwenda New York, na miaka michache baadaye akahamia Nazareth, Pennsylvania. Kampuni yenye jina lake iko huko mpaka leo.

Nakshi iliyokuja kuyatambulisha baadhi ya magitaa hayo huitwa mfupa wa samaki: vipande vidogo vyeusi na vyeupe vilivyolala mshazari, upande huu kulia na ule kushoto, vikikutana katikati. Kama umewahi kuona ukili, ule msuko wa milala unaoshonwa kuwa mkeka, basi umeshaiona. Tofauti ni kwamba ukili husukwa, na huu hukatwa.

Ukataji wenyewe si mchezo. Unagundisha tabaka nyembamba, nyeusi na nyeupe kwa zamu, mpaka upate bonge. Bonge hilo unalikata mshazari kuwa vipande. Viwili vyenye mwelekeo wa kinyume unavigundisha pamoja, unaviwekea kuta za mbao ndefu juu na chini, halafu unachanja tena kupata tepe. Kuta hizo ni muhimu. Nyuzi za vile vipande vidogo zimekatiza upana wa utepe, kwa hivyo bila kitu cha kuvishika, utepe utavunjika ukifika kwenye kiuno cha gitaa, pale mkunjo unapokaza.

Ndiyo maana anayebuni tarizi yake mwenyewe haanzi na rangi. Anaanza na maswali: mchoro utajirudia kila baada ya umbali gani? Utakubali kukunjwa? Na tepe mbili zikikutana chini kabisa, kwenye kitako cha gitaa, mifupa itaelekea wapi? Ukikosea hapo, kila anayelitazama gitaa ataona.

Kampuni ya Martin haikuwa ikitengeneza mfupa wa samaki Nazareth. Ilinunua tepe tayari kutoka Ujerumani, nchi ileile mwanzilishi wake aliyoihama. Ziliwekwa kwenye modeli zenye namba 28, ambazo hata hazikuwa za bei ya juu kabisa. Kisha ikaja Vita vya Pili vya Dunia, na njia ikakatika. Akiba iliyobaki ikaisha, na kufikia 1947 nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mistari iliyonyooka.

Hapo ndipo watu walipoanza kuutamani. Gitaa la D-28 la kabla ya vita likawa linatambuliwa kwa utepe wake, na wakusanyaji wakaanza kuliita kwa jina la ule mfupa wa samaki. Clarence White alipiga moja la mwaka wa 1935, ambalo baadaye lilikuwa mkononi mwa Tony Rice kwa miaka mingi. Mwaka wa 1976 kampuni ikaurudisha utepe kwenye modeli mpya, HD-28, na ile H ni ya mfupa wa samaki.

Sauti ya gitaa haitoki kwenye tarizi. Fundi yeyote atakwambia hivyo. Lakini mtu anapotaka kujua kama gitaa ni lile analolitafuta, macho huenda ukingoni kwanza, kwenye kazi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Waliozikata tepe zile hawakutia sahihi. Walikata, wakafunga mafungu, wakauza.

Kule Markneukirchen swali lilikuwa nani ana haki ya kuitwa msanii. Maseremala walishinda kesi, na hukumu hiyo leo wanaikumbuka wachache. Tarizi yenyewe bado inakatwa, kwa mbinu za watu wa kabati.