Ufanisi wa Mota: Asilimia, Si Sifa

Ubavuni mwa mota ya mashine ya kusaga, chini ya vumbi la unga, kuna kibati kidogo. Kifute kwa kitambaa usome: kW 11, HP 15, mizunguko 1,460 kwa dakika, na kwenye mota za miaka ya karibuni, daraja la ufanisi: IE1, IE2 au IE3. Mwenye mashine wa Pasua au Majengo, pale Moshi mjini, kwa kawaida anasoma hospawa 15 na kuishia hapo, kwani ndizo anazoulizwa dukani.

Lakini hizo kilowati 11 ni nguvu inayotoka kwenye shafti kwenda kwenye mkanda. Mita ya LUKU inahesabu zaidi, maana sehemu ya umeme inaishia kuwa joto kwenye waya wa kopa na kwenye chuma cha ndani, nyingine inaliwa na beringi na feni ya kupozea. Gawa kinachotoka kwa kilichoingia: hilo jibu ndilo ufanisi.

Neno lenyewe limechoshwa na semina. Kila taarifa ya mwaka ina "utendaji wenye ufanisi", yaani mambo yamekwenda vizuri. Wizara ya Nishati nayo husema "matumizi bora ya nishati", msemo mzuri, ila unamhusu mtumiaji. Ukizima mota wakati hakuna mahindi ya kusaga, umetumia nishati vizuri. Ufanisi wa mota haujaongezeka hata chembe. Kwangu mimi, anayetaja ufanisi wa mota bila asilimia hajasema kitu.

Kwa viwango vya kimataifa vya IEC, mota ya kW 11 yenye poli nne ina ufanisi usiopungua asilimia 87.6 ikiwa IE1, na 91.4 ikiwa IE3. Ya kwanza inavuta kilowati 12.56 ikibeba mzigo kamili, ya pili 12.04. Ikisaga saa 2,000 kwa mwaka, tofauti inafika uniti 1,044 hivi. Kwa bei ya T1, kundi la watumiaji wa kawaida, iliyopitishwa na mdhibiti EWURA mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, hiyo ni kama shilingi 305,000. Umeme wote wa ile IE1 kwa mwaka huohuo unapita milioni 7.3, kwa hiyo bei ya kununulia mota ndiyo sehemu ndogo ya gharama yake.

Mota ikiungua, hupelekwa kusukwa upya. Kusuka si kosa. Fundi makini huirudisha karibu ilivyokuwa. Shida ni moto. Anayeitupa kwenye moto wa wazi ili waya wa zamani utoke kirahisi anaunguza pia utando unaotenganisha mabati membamba ya chuma cha ndani, ambayo hayafai kupita nyuzi 370 hivi. Mota itawaka, itasaga, na itakula uniti zaidi bila mtu kujua.

Kuna pia jambo la mwinuko. Namba za kibati ni za mota iliyofungwa mahali pasipozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini pako ndani ya kipimo. Ukipanda Marangu umekipita, na hewa nyepesi hupoza vibaya. Baridi ya kule juu hufidia, kwa hiyo wa mlimani wasiwe na hofu kubwa.

Mota husukuma maji pia, ingawa maji ya mlimani hushuka yenyewe kwenye mifongo, ile mifereji ya jadi. Kule tambarare, kuelekea Arusha Chini ambako kiwanda cha sukari cha TPC huchoma makapi ya miwa kujizalishia umeme, ndiko pampu zinakofanya kazi, na ndiko asilimia ya kibati inakoweza kumdanganya mkulima. Mota yenye ufanisi mkubwa kwa kawaida huzunguka haraka kidogo. Pampu iliyounganishwa nayo moja kwa moja ikitoka mizunguko 1,450 ikafika 1,470, nguvu inayohitaji hupanda kwa takriban asilimia 4, karibu sawa na kilichookolewa kwa kuhama kutoka IE1 kwenda IE3. Anayebadilisha mota peke yake atapata maji mengi kidogo na bili ileile. Akitaka bili ishuke, impela ichongwe au kifungwe kifaa cha kupunguza mzunguko. Kwenye mashine ya kusaga ni rahisi zaidi: puli ya upande wa mota iwe ndogo kidogo.