Kichuguu, Ekol na Bati la Saa Nane

Saa nane mchana huku Lopur, upande wa Kakuma, nyumba ya bati haikaliki. Watu hutoka wakafuata kivuli. Kwa hiyo Turkana nyumba hupimwa kwanza kwa upepo: uingie wapi, na joto litokee wapi.

Wanawake wa Kiturkana walikwisha kulijibu swali hilo. Hujenga nyumba mbili. Ekol ni ya mchana, iko wazi, upepo unapita. Akai ni ya usiku: fito zilizopindwa zikafungwa kama kuba, zikafunikwa kwa majani ya mkoma, ule waitao eng'ol, na mvua ikitisha, ngozi hutandazwa juu. Mjenzi ni mwanamke, na nyumba ni yake. Hashindani na jua kwa kuta nene. Analihama.

Msanifu majengo Francis Kéré alianzia kwingine. Alizaliwa mwaka 1965 huko Gando, Burkina Faso, akasoma katika darasa lililojaa watoto na joto, akaenda Ujerumani kwa useremala, akaishia kusomea usanifu majengo Berlin. Mwaka 2001, kabla hajapata shahada, kijiji chake kilikuwa na shule aliyoibuni: matofali ya udongo yaliyotiwa saruji kidogo, na paa la bati lililoinuliwa juu ya dari yenye matundu ili joto litoroke. Bati lile lile linalotuchoma sisi, kule limewekwa mbali na vichwa vya watoto. Nalikumbuka jambo hilo kila nionapo bati limepigiliwa juu ya fito bila nafasi hata ya kiganja.

Mwaka 2021 chuo alichokibuni, Startup Lions, kilikamilika kando ya Ziwa Turkana, vijana wajifunze kazi za kompyuta. Ni cha mawe ya huko huko, na minara yake mirefu imeiga vichuguu: hewa baridi huingia chini, ya moto hupanda ikatokea juu, vumbi likabaki nje. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Kompyuta zinahitaji ukuta. Ndani ya ekol zingejaa mchanga. Hapo mnara umeshinda. Lakini akai ikichakaa, mwenyewe hukata fito akaifunga upya, ilhali mnara ukipata ufa humngoja fundi wa mawe. Gando, Kéré aliliona hilo mapema: wanakijiji walifundishwa kufyatua matofali, wakajenga wenyewe. Mafunzo hayo, kuliko minara, ndiyo ninayoyatamani kwa Kakuma, iliyopokea wakimbizi tangu 1992, na kwa Kalobeyei jirani yake. Miti ya mathenge imejaa kila mahali huku, fito hazitakosekana. Bati liinuliwe futi mbili juu ya dari ya fito, na kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa, mama mwenye ekol aulizwe upepo wa mchana hutokea upande gani.