Stempu zilizokosewa zihifadhiwe, na bahasha zake pia

Tarehe 10 Novemba 1895 posta ya Zanzibar ilitoka mikononi mwa India ikawa chini ya serikali ya Zanzibar. Kwa kuwa stempu mpya hazikuwa tayari, zilichukuliwa za India zenye sura ya Malkia Victoria, zikapigwa neno Zanzibar kwenye mitambo ya gazeti la Zanzibar Gazette. Baadhi zilitoka zimeandikwa Zanzidar, nyingine Zanzipar, Zanibar na Zanizbar. Mwaka huohuo mitambo hiyohiyo ilipiga chapa stempu za India kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Uingereza, na humo neno British likatoka mara nyingine na tarakimu 1 mahali pa herufi i. Wakusanyaji huzigombea kwa sababu ni adimu. Mimi naona ubora wake uko kwingine: zinatuonyesha kazi ya watu ambao nyaraka za watawala hazina desturi ya kuwataja.

Herufi ya risasi hutengenezwa kinyume ili chapa itoke sawa. Mpangaji wa herufi huitazama b ikamtokea kama d, na kwa kuwa amezoea kusoma mstari juu chini, hufanana pia na p. Hivyo Zanzidar na Zanzipar hazithibitishi ujinga wa mtu. Zinaonyesha mkono uliopanga neno moja mara nyingi, kwa haraka, kwenye kiwanda kimoja kilichobebeshwa mahitaji ya serikali mbili. Stempu iliyotoka safi haina la kusema juu ya hayo.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba kukusanya makosa ni kuwapa soko waghushi. Hoja hiyo ina uzito, maana chapa za Zanzibar zimeghushiwa sana. Lakini mghushi anaigiza kile kinacholipa, yaani stempu yenyewe. Ni vigumu zaidi kwake kuigiza bahasha nzima yenye anwani, muhuri wa tarehe na njia iliyopita. Ndiyo maana kubandua stempu ni hasara. Wengine husema tahajia ya zamani huhesabiwa kosa bure, na hapo wana haki: stempu zilizochapwa na wamisionari wa Vuga, Usambara, mwaka 1916 huitwa za Wuga kwa sababu Wajerumani waliandika sauti ya v kwa w. Mkusanyaji makini hutenganisha desturi na kuteleza kwa mkono.

Kwa msingi huo, bahasha zilizomo kwenye masanduku ya Lyamkena na Makambako, mkoani Njombe, zina haki ya kutunzwa kama zile za Zanzibar, ingawa hakuna mnada utakaozitafuta. Barua zetu hupitia sanduku la posta, si mlangoni, kwa hiyo jina la mahali ndilo linalobeba mzigo wote wa anwani. Bahasha iliyoandikwa Liamkena, au Makambako ikiwekwa chini ya Iringa, inahitaji kusomwa pamoja na muhuri wake: Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012, na kabla ya hapo Iringa ilikuwa sahihi kabisa. Baada ya mwaka huo, Iringa ileile inaonyesha mwandishi wa mbali ambaye habari za mkoa mpya zilikuwa hazijamfikia, au aliyeshikilia jina alilolizoea. Anayetaka kuanza mkusanyiko aanze na bahasha hizo, nzima, bila kukata kona yenye stempu.