Usiku wa Mama Mkubwa

Mama mkubwa alipoanza kukesha, majirani walilaumu machinjio: ng'ombe wanalia, magari ya nyama yananguruma kabla ya adhana. Sikukubali. Ameishi Vingunguti tangu mimi sijazaliwa, na kelele hizo alikuwa akizilalia fofofo. Kilichozidi ni saratani ya titi na dripu za hospitali ya Ocean Road.

Jengo la hospitali hiyo Wajerumani walilimaliza mwaka 1897, na mtafiti wao Robert Koch alipokuja Dar es Salaam kuchunguza malaria ndiyo kwanza lilikuwa jipya. Kuwa taasisi ya saratani inayojitegemea kumekuja juzi tu, mwaka 1996. Usiku wa mgonjwa nao una historia yake, ila haisimuliwi.

Zamani mofini, dawa ya maumivu makali, ilisubiri mgonjwa azidiwe. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alishikilia itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Huku kwetu Afrika Mashariki, Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akaieneza mofini ya maji: unga unakorogwa, gharama ndogo, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake. Watu wengi wamepata kulala kwa sababu ya chupa ile.

Lakini mama mkubwa hakuwa na maumivu, na bado macho makavu. Muuguzi aliuliza swali moja tu: deksamethasoni unameza saa ngapi? Vidonge hivyo vya kuzuia kutapika huondoa usingizi, naye alivimeza baada ya chakula cha usiku. Akaambiwa dozi ya siku aimalize kabla ya alasiri.

Nafuu ilikuja, si yote. Iliyobaki ilikuwa mazoea ya kulala chali akiwaza. Mwaka 1972 Mmarekani Richard Bootzin alitoa kanuni: usingizi usipokuja, toka kitandani, urudi ukisinzia, asubuhi uamke saa ileile. Bootzin hakuwa na chumba kimoja chenye wajukuu mkekani! Mama mkubwa alihamia kigodani, mlangoni, na tasbihi yake, hadi kichwa kianze kuanguka.

Vidonge vya usingizi vya kuazimana vikataeni. Vikikutana na mofini vinaweza kusimamisha pumzi. Siku ya kliniki bebeni dawa zote, semeni kila moja inamezwa saa ngapi, na msisubiri kuulizwa kama mgonjwa analala.