Mirambo, bomba la Ihelele na amri isiyo na jina

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe walikuwa wamemshambulia, naye akajibu hadi akachoma sehemu ya Tabora yenyewe. Ila kilichouma zaidi, kwa maoni yangu, ni ile njia. Pembe za ndovu hazikupita kuja, vitambaa na shanga havikupita kwenda. Hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilibidi azunguke kusini ndipo afike Ujiji Novemba ile.

Sasa Tabora ina njia nyingine inayoitegemea: bomba. Kwa miaka mingi mji ulikunywa maji ya bwawa la Igombe. Leo maji ya Ziwa Victoria yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanapita Solwa na Nzega, yanasafiri zaidi ya kilomita 200 ndipo yafike.

Kwa kawaida, bomba refu namna hii haliendeshwi kwa kuweka mtu kwenye kila valvu. Vipo vikompyuta vidogo vinavyopima kina cha tenki na kuwasha pampu, na mwendeshaji anaviongoza akiwa mbali. Vingi duniani huongea lugha iitwayo Modbus, iliyotoka mwaka 1979. Ujumbe wake wa asili hauna nafasi ya nywila wala jina la mtumaji. Unasema tu: kifaa namba fulani, fanya hivi. Kifaa kinatii. Haukuwa uzembe, wakati ule waya zote zilikuwa ndani ya kiwanda na mlangoni kuna askari. Shida ilikuja baadaye, zilipounganishwa na redio, kisha intaneti.

Kinachoweza kutokea tulishakiona Maroochy, Australia, mwaka 2000. Vituo zaidi ya 140 vya kusukuma majitaka viliongozwa kwa redio. Kuanzia Februari pampu zikawa zinagoma, kengele za hatari hazilii. Lita kama 800,000 za majitaka zikamwagika kwenye bustani, mito na uwanja wa hoteli. Mafundi walidhani ni ubovu wa vifaa, na hapo ndipo penye utamu wa kisa hiki (kama majitaka yana utamu). Aprili polisi wakasimamisha gari la fundi aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni iliyofunga mitambo ile. Alikuwa ameomba kazi halmashauri, akanyimwa. Garini: laptopu na redio.

Yaani hakuvunja mlango wowote. Alijua lugha, na mitambo haikumuuliza yeye ni nani. Mirambo angalau kila mtu alijua ni Mirambo.

Kwa hiyo ninapoulizwa tuanzie wapi, sitaji programu ya bei mbaya. Mkandarasi akimaliza kazi, nywila zibadilishwe siku hiyohiyo. Mitambo ya pampu isionekane kwenye intaneti ya wazi. Na pampu ikigoma mara tatu bila sababu, fundi aruhusiwe kushuku mtu, siyo kifaa peke yake.

Halafu kuna Igombe. Watu watasema bwawa la zamani ni gharama tu. Mimi ningelitunza, pampu zake ziwashwe kila mwezi, kwa mkono, na vijana wafundishwe kuziwasha. Stanley alifika Ujiji kwa sababu kusini kulikuwa na njia ya pili.