Kutoka Siwindhe hadi Darasani: Umri wa Kusikiliza na Umri wa Kusoma Hadithi za Maajabu Katika Nyanza

Swali lililozaa makala haya liliulizwa na mwalimu mwanafunzi aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya msingi isiyo mbali na Maseno. Alitaka kujua kama ingefaa awasomee watoto wa miaka tisa Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert iliyotolewa mwaka 1952. Mwalimu wa somo hilo shuleni hapo alimwambia kwamba watoto hao hawajawa tayari, kwa sababu msamiati wa kitabu ni mgumu. Mzazi mmoja aliyepata habari alisema vilevile kwamba hawajawa tayari, lakini kwa hoja kuwa kitabu kina majini. Hakuna aliyetaja jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote katika kitabu hicho, nalo ni kwamba mtu mwema na mcha Mungu anawacharaza nduguze viboko kila usiku.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini msamiati ndio uliotangulia kutajwa. Jibu, nadhani, limo katika historia. Katika nchi hii ya Nyanza swali la kama mtoto yuko tayari kwa hadithi ya maajabu lilikuwa na mwenyewe wa kulijibu zamani, na mwenyewe huyo alinyang'anywa kazi yake bila ya mtu kutangaza kuwa amenyang'anywa. Nitajaribu kuifuata njia ya mabadiliko hayo, ingawa si kila hatua yake nitakayoweza kukaa nayo kwa kirefu.

Tuanze na nyumba. Miongoni mwa Waluo, watoto waliokwisha kuachishwa kulala na mama zao walihamia siwindhe, yaani nyumba ya mwanamke mzee, na huko ndiko ngano zilikotambwa jioni baada ya kazi na chakula. D. W. Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao juu ya Siaya cha mwaka 1989, wamemweleza kwa makini mzee huyo aliyeitwa pim. Jambo wanalolisisitiza, ambalo husahauliwa na wanaomfikiria kuwa ni bibi mzaa baba tu, ni kwamba pim mara nyingi alitoka mbali na boma alimolelea watoto, na kwa hiyo alileta habari na hadithi za kwingine. Wasichana walikaa kwake mpaka walipokaribia kuolewa. Wavulana walitoka mapema zaidi wakaenda simba, nyumba ya vijana wa kiume, na jioni wakaketi penye moto wa duol kusikiliza mazungumzo ya wazee wanaume.

Msomaji ataona kwamba umri ulipimwa kwa nyumba, si kwa ngano. Hapakuwa na ngano ya watoto wa miaka sita na nyingine ya miaka kumi. Watoto wa umri mbalimbali walilala katika nyumba moja na kusikia kisa kimoja. Aliyebadilika ni fanani. Chukua kisa cha Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta lililo karibu na Kendu Bay. Bibi kizee mgeni anafukuzwa kwenye karamu, mwanamke mmoja tu anamhurumia, na usiku huo kijiji kizima kinazama. Mtoto mdogo anaweza kupewa kisa hicho kuwa ni habari ya mgeni aliyenyimwa chakula, na kuzama kukapita kwa sentensi moja. Kwa msichana mkubwa fanani anaweza kukaa na yule mwanamke mmoja aliyeokoka, na kumwacha msikilizaji ajiulize jinsi alivyoweza kuishi baada ya kuona majirani zake wote wamezama. Kadhalika kisa cha Nyamgondho wa Ombare, mvuvi aliyenasa mwanamke mzee katika nyavu zake, akapata mali, akamtukana, na mali yote ikamfuata mwanamke kurudi ziwani. Ni hadithi ya ng'ombe wanaotembea kuingia majini, na mtoto wa miaka mitano huifurahia kwa sababu hiyo peke yake. Pia ni hadithi ya pombe na ndoa. Pim aliyekuwa akiwajua watoto wote waliolala nyumbani mwake, nani huota ndoto mbaya na nani amefiwa juzi, hakuhitaji orodha ya kumwambia aseme lipi. Na kisa kilipokwisha, kauli ya kukifunga ilikuwa ni ombi la kukua: msimulizi alijitakia urefu kama wa mti ulioko kwa mjomba wake. Asenath Bole Odaga alichukua mwanzo wa kauli hiyo, Thu Tinda!, akaufanya jina la mkusanyo wake wa hadithi mwaka 1980.

Mabadiliko ya kwanza hayakuletwa na kitabu bali na bweni. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1906, na tangu mwanzo wavulana walilala shuleni. Katika bweni kila mtu ni wa rika moja au karibu nalo, na hakuna mzee. Wavulana walisimuliana, bila shaka, maana watoto hawanyamazi. Lakini msimulizi wa miaka kumi na mitatu humpima msikilizaji wake kwa kipimo kingine: hutaka kumtisha.

Kisha kikaja kitabu, na hapa inatulazimu kutoka Nyanza kwa muda, kwa kuwa vitabu vya Kiswahili vilivyofika huku vilitoka kwingine. Edward Steere alipochapisha ngano za Unguja mwaka 1870, zikiwemo habari za Sultani Majinuni na nunda mla watu, zilikuwa zimesimuliwa kwake na watu wazima, na hakuna dalili kwamba walioziburudikia Unguja walikuwa watoto peke yao. Alfu Lela Ulela vilevile haikuwa mali ya watoto. Zote mbili zikaja kuwa hadithi za shule. Jambo hili halikutokea Afrika ya Mashariki tu. Ndugu Grimm walipotoa mkusanyo wao wa kwanza mwaka 1812 walikuwa na wanazuoni akilini, na ilichukua miaka ya kusahihisha na kusafisha, hata kufikia toleo dogo la hadithi hamsini la mwaka 1825, kabla ya kazi yao kuwa kitabu cha watoto kweli. J. R. R. Tolkien, katika mhadhara alioutoa St Andrews mwaka 1939, alidai kuwa hadithi za aina hii zimefungiwa katika chumba cha watoto kwa bahati tu, kama samani kuukuu ambazo wakubwa wamezichoka. Ninakubaliana naye, lakini naongeza kuwa katika makoloni haikuwa bahati. Palikuwa na ofisi.

Ofisi hiyo ni Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Mwaka uliotangulia Johnson alikuwa amekwisha kutoa tafsiri zilizofupishwa za riwaya za Kiingereza, Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kitabu cha kutumika shuleni kilihitaji idhini ya Kamati, na idhini hiyo ilihusu usanifu wa lugha. Silaumu. Kazi ya Kamati ilikuwa lugha, na walimu wa lugha tungali tunakula matunda yake. Lakini matokeo ni kwamba kwa mara ya kwanza kitabu cha maajabu kilimfikia mtoto kikiwa kimepimwa kwa jambo moja, nalo ni maneno yake. Aliyekipima hakumjua mtoto yeyote kati ya waliokisoma.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. H. Rider Haggard alikitoa mwaka 1885 na kukitabaruku kwa wavulana, wakubwa na wadogo. Ndani yake yumo Gagool, mwanamke Mwafrika mkongwe kupita kiasi, mwenye siri za kale, anayenusa watu ili wauawe, ambaye mwisho wake ni kupondwa na mlango wa jiwe. Mvulana wa Kiingereza aliyekisoma alikuwa na bibi yake nyumbani, na bibi huyo hakufanana na Gagool. Lakini mvulana aliyetoka siwindhe alikabidhiwa kitabu ambamo mwanamke mkongwe mwenye kujua habari za zamani, yaani mtu yule yule aliyempa hadithi zake zote, ndiye kitovu cha uovu, na kifo chake ni ushindi. Kiswahili chake kilikuwa sanifu. Je, mtoto huyo alikuwa tayari? Nathubutu kusema kwamba swali halikuulizwa, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuliuliza. Kuna tofauti kubwa kati ya zimwi la Apul-Apul, ambalo kila mtoto wa Kijaluo analijua kuwa ni zimwi, na Gagool, ambaye anafanana na jirani.

Tafsiri nyingine zilikuwa na busara zaidi. Elisi katika Nchi ya Ajabu, iliyotolewa London mwaka 1940, ilimchora Elisi kama msichana wa Kiafrika, na mtu akiicheka leo kwa ugeni wake itampasa akiri kwamba mfasiri alijaribu kumfikiria msomaji.

Adili na Nduguze hutofautiana na hizo zote, kwa kuwa Shaaban Robert hakuwa akitafsiri wala kufupisha. Alichukua kisa chenye asili katika Alfu Lela akakiandika upya kwa nia ya kuwafunza watu maadili. Mji wa watu waliogeuka mawe, binti Mwelekevu aliyesalia peke yake, jini Huria, nduguze waliogeuzwa manyani: haya mtoto wa miaka saba huyameza bila shida. Kinachomshinda si maajabu bali haki. Adili anapiga kwa amri ya jini, kinyume cha moyo wake, na siri hiyo inagunduliwa na mjumbe wa mfalme. Nilimsomea kisa hiki binti yangu alipokuwa na miaka saba. Majini hayakumsumbua hata kidogo, wala hakuniuliza maana ya neno lolote. Usiku wa tatu aliuliza kwa nini Adili hakuwaambia nduguze kwamba ameamriwa. Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo, nikifundisha kitabu hicho kwa watu wazima, sina.

Mtoto yule yule angesubiri kitabu hicho kwa miaka mingine sita au saba kama angeachiwa shule. Sababu yake inafahamika kwa kila mwalimu wa Nyanza: kwetu Kiswahili ni lugha ya pili, na kwa wengi ya tatu. Mtoto wa Lamu husikia Kiswahili cha hadithi kabla ya kukisoma; mtoto wa Maseno hukutana nacho kwa mara ya kwanza kwenye karatasi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima la kutahiniwa, lugha ilipata heshima ambayo haikuwa nayo, nasi wanaidara tulipata riziki. Ngano haikupata kitu. Vitabu vilipangwa kwa darasa, na darasa lilipangwa kwa mtihani, mpaka KCPE ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Na mtoto anapofikia Kiswahili cha kumwezesha kusoma juu ya manyani wanaocharazwa, amekwisha kuambiwa kwamba manyani wanaosema ni mambo ya kitoto.

Walikuwapo waliojaribu njia nyingine. Grace Ogot, ambaye mwaka 1962 alisoma mbele ya waandishi waliokutana Makerere kisa cha msichana aliyetolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe, alirudi baadaye kwenye Dholuo na kutoa Aloo kod Apul-Apul mwaka 1981 na Simbi Nyaima mwaka 1983. Odaga alianzisha kampuni yake ya uchapishaji Kisumu. Inafaa wanaisimu tuyaangalie maandishi hayo kwa jicho la swali letu, kwani ndani yake lugha imeondolewa kuwa kizuizi, na kinachobaki ni mtoto na kisa. Kafara ya Oganda ni jambo la kutisha kuliko jini lolote: anayemtoa ni baba yake. Katika lugha ya mama mtoto hana msamiati wa kujificha nyuma yake, na mwalimu pia hana.

Yule mwalimu mwanafunzi hakukitumia kitabu darasani. Alikisoma saa kumi jioni, nje ya ratiba, kwa watoto waliopenda kubaki, akifafanua kwa Dholuo pale palipohitaji. Aliniambia kwamba alipofika kwenye viboko alijikuta anapunguza sauti na kuruka mistari kadhaa kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekuwa ameketi mbele, na kwamba kesho yake mtoto huyo huyo alimtaka arudie pale aliporuka.